Mhakiki wa filamu au mhifadhi wa filamu wa makumbusho: uchague kazi ipi?

Ukifungua kopo la mkanda wa filamu lililokaa miaka mingi bila kuguswa, cha kwanza kukupokea ni harufu. Kama mkanda ni wa asetati, aina ya plastiki, na umeanza kuoza, harufu hiyo ni ya siki, kali kiasi cha kukutoa machozi. Ukiuinua kwa vidole unaona kingo zimejikunja kama jani kavu. Ukiupima unakuta umesinyaa kwa asilimia moja au zaidi, tofauti ambayo jicho halioni lakini meno ya projekta yanaiona mara moja na kuupasua. Hapo umeshajua kwamba filamu hii haipiti tena kwenye mashine ya kawaida, na kwamba muda uliobaki wa kuinakili si mrefu.

Mhakiki wa filamu anaweza kufanya kazi miaka thelathini bila kuinusa harufu hiyo. Filamu humfikia ikiwa tayari ni mwanga juu ya skrini, yeye ameketi gizani na kalamu mkononi, na usiku huohuo mhariri anasubiri makala.

Naanza na harufu kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila mara na watu wanaopenda sinema na wanaotaka iwe riziki yao: niwe mhakiki, au nitafute nafasi ya kuhifadhi filamu kwenye makumbusho? Wengi wanadhani ni nyumba moja yenye milango miwili. Nimezifanya zote, ya kwanza kwa miaka kadhaa na ya pili hadi sasa, na ninavyoona zinaachana palepale watu wanapodhani zinakutana, yaani kwenye kupenda filamu. Mhakiki huipenda filamu kwa niaba ya msomaji wa leo. Mhifadhi huipenda kwa niaba ya mtazamaji ambaye pengine hajazaliwa, na kwa sababu hiyo anawajibika kuzitunza hata zile ambazo yeye mwenyewe hazimgusi.

Ninaposema mhifadhi simaanishi fundi wa maabara peke yake. Namaanisha yule anayeamua filamu zipi ziingie kwenye mkusanyo, zitunzwe vipi, ipi irejeshwe kwanza, na lini ionyeshwe kwa watu, kwa mpangilio gani na kwa maelezo gani. Kwenye taasisi kubwa majukumu haya hugawanywa kwa watu wanne au watano. Kwenye ndogo yote yanamwangukia mmoja, na mara nyingi huyohuyo ndiye anayefungua mlango wa ukumbi jioni.

Siku ya kazi inavyokwenda

Siku ya mhakiki ina mdundo wa kukimbizana. Asubuhi kuna onyesho la waandishi, mchana unaandika, jioni unatuma. Gizani huwezi kuona unachoandika, kwa hiyo mistari inapandana, na ukitoka nje unakuta ukurasa mmoja una sentensi tatu zilizoandikwa mahali pamoja. Utajifunza kukumbuka filamu kwa vitu vidogo: mkono uliochelewa kuushika mlango, taa iliyozimwa kabla mtu hajamaliza kusema. Vitu hivyo ndivyo vitakavyoibeba makala, maana muhtasari wa hadithi anaweza kuuandika yeyote. Halafu kuna idadi ya maneno. Maneno 400 ni machache mno, na wiki zako za mwanzo utazimaliza ukisimulia kisa tu. Wakati wa tamasha unatazama filamu nne kwa siku, na siku ya tano unaanza kuchanganya nyuso za waigizaji. Huo ni uchovu wa kweli ambao watu hawauhesabu kwa kuwa unaupata ukiwa umekaa kwenye kiti laini.

Siku ya mhifadhi ni ndefu na haina mwisho unaoonekana. Sehemu kubwa ni karatasi: mikataba ya mikopo ya filamu, barua za kumtafuta mwenye hakimiliki wa kampuni iliyokufa zamani, fomu za bima, orodha. Nasisitiza hili kwa sababu watu huingia wakidhani watatazama filamu kutwa. Kuna wiki nzima hupita sijatazama hata moja.

Lakini kuna meza ya kukagulia. Mkanda wa milimita 35 hupita picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 90 ina picha 129,600 na urefu wa karibu mita 2,470. Mita hizo zote zinapita mkononi mwako, polepole, kutoka gurudumu moja kwenda jingine. Ukingo wa mkanda unauacha uteleze kati ya kidole gumba na cha shahada, umevaa glavu ya pamba, na kidole ndicho kinachokuambia tundu limechanika wapi, kiungo kipi cha gundi kinataka kuachia. Unaandika: dakika ya saba, matundu manne yamepasuka upande wa kushoto. Dakika ya kumi na moja, kiungo, picha kadhaa hazipo. Ukingoni kuna alama ndogo za duara, mraba na pembetatu ambazo Kodak ilikuwa ikizichapa kuonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa. Kwa kuwa alama hizo zilijirudia kila baada ya miaka ishirini, zinakupa miaka miwili au mitatu inayowezekana, na inabidi uitazame picha yenyewe kuamua: magari ya aina gani, mishono gani ya nguo. Mimi raha yangu kubwa kazini ipo hapo, kwenye nusu saa ya kubishana na mkanda kuhusu umri wake.

Unawajibika kwa nani

Mhakiki ana deni kwa mtu mmoja tu, msomaji anayetaka kujua kama filamu hii inastahili jioni yake, na akishaiona, anataka mtu wa kufikiri naye. Deni hilo linalipwa kwa ukweli. Ukianza kumhurumia mwongozaji kwa sababu ulikutana naye tamashani na ni mtu mwema, umemwibia msomaji. Roger Ebert aliandika kwenye Chicago Sun-Times tangu 1967 hadi alipofariki 2013, na mwaka 1975 akawa mhakiki wa kwanza wa filamu kupata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Kilichowafanya watu wamsome miaka yote hiyo ni kwamba hata aliyepingana naye alijua amesimama wapi. Ndiyo sababu nasema mtu anayeogopa kuchukiwa asiingie kwenye uhakiki. Utachukiwa, na wakati mwingine na watu unaowaheshimu.

Mhifadhi deni lake ni kwa filamu yenyewe, kama kitu kinachoweza kupotea. Na zinapotea kweli. Ripoti iliyochapishwa na Library of Congress ya Marekani mwaka 2013 ilichunguza karibu filamu ndefu 11,000 zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929. Zilizosalia zikiwa kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14. Nyingine zilitupwa kwa kuwa hazikuwa na biashara tena, nyingine ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo, na nyingine ziliungua. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda mingi ilikuwa ya nitreti, aina ya plastiki ambayo ikishika moto hujitengenezea oksijeni yake yenyewe na haizimiki kwa maji. Mwaka 1978 moto kwenye ghala la George Eastman House, makumbusho ya picha na filamu huko Rochester, Marekani, uliteketeza mikanda asili ya filamu 329. Na mikanda hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wanaojua kazi, kwenye taasisi iliyojengwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mhifadhi naye anahukumu, ila hukumu yake haina makala. Kila unapoamua filamu hii inakiliwe mwaka huu, umeamua zile nyingine zisubiri, na kwa mkanda unaonuka siki kusubiri kunaweza kuwa ndiyo kufa. Mhakiki akikosea kuhusu filamu, filamu inabaki na mwingine atakuja kuitetea. Mhifadhi akikosea, huenda pasibaki cha kutetewa. Nimewahi kuiacha filamu fulani ya matangazo ya kilimo kwa kuwa niliiona haina sanaa. Miaka baadaye mtafiti wa mavazi akaitafuta, na mkanda ulikuwa umeshashikana kuwa tofali. Tangu hapo ladha yangu siipi tena kura ya mwisho.

Hata wahifadhi wenyewe hawakubaliani kuhusu namna ya kulilipa deni hilo. Kizazi cha kwanza kilikuwa na watu wawili wanaotajwa pamoja mpaka leo. Henri Langlois, aliyeanzisha Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya Paris, mwaka 1936 pamoja na Georges Franju, aliamini filamu isiyoonyeshwa imekufa, akakusanya chochote alichokipata na kukitia kwenye projekta. Ernest Lindgren, aliyesimamia mkusanyo wa taifa wa filamu wa Uingereza, aliamini kinyume chake: nakala pekee haipiti kwenye projekta kamwe, inakaa ghalani hadi zipatikane fedha za kutengeneza nakala ya kuonyesha. Mwenendo wa Langlois ulizaa kizazi kizima cha waongozaji waliojifunza sinema kwenye viti vyake. Serikali ilipomwondoa Februari 1968, waongozaji na wahakiki waliingia barabarani Paris, na Aprili akarudishwa. Mwenendo wa Lindgren uliokoa mikanda mingi. Moyo wangu uko kwa Langlois, lakini funguo za ghala ningempa Lindgren. Ukiona unamwelewa Langlois peke yake, pengine kinachokuvuta ni kupanga maonyesho ya sinema, na hiyo ni njia ya tatu inayostahili kufikiriwa kivyake.

Waliovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine

Iris Barry alikuwa mhakiki London, akiandika kwenye Spectator na Daily Mail. Mwaka 1925 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Film Society, klabu iliyoonyesha filamu ambazo majumba ya biashara hayakuzitaka. Mwaka 1935 Museum of Modern Art ya New York ilipoanzisha maktaba ya filamu, yeye ndiye aliyekuwa mhifadhi wake wa kwanza. Kiangazi cha mwaka huohuo alikwenda Hollywood kuwaomba wenye studio watoe nakala, wakati filamu iliyokwisha msimu ilionekana kuwa mzigo tu. Uhakiki ulimsaidia hapo kuliko cheti chochote. Alikuwa amezoea kumweleza mtu mwenye haraka, kwa sentensi chache, kwa nini filamu fulani ina uzito. Miaka mitatu baadaye, 1938, makumbusho hayo na taasisi za Paris, London na Berlin ziliunda shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu, FIAF, ambalo bado lipo.

Lotte Eisner alikuwa na shahada ya uzamivu ya akiolojia, akageuka mhakiki kwenye gazeti la filamu la Film-Kurier mjini Berlin, na mwaka 1933 akakimbilia Ufaransa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliishi kwa jina la uongo, akikagua na kuorodhesha makopo ya filamu ambayo Langlois alikuwa ameyaficha. Vita vilipokwisha akawa mhifadhi mkuu wa Cinémathèque kwa miaka thelathini, na katika kipindi hichohicho akaandika vitabu vinavyosomwa hadi leo kuhusu sinema ya Ujerumani. Kwake sioni mpaka kati ya kazi mbili. Naona mtaalamu wa vyungu vya kale aliyehamia kwenye kitu kinachovunjika haraka zaidi ya vyungu.

Wapo wengine. Jonas Mekas aliandika safu kwenye Village Voice tangu 1958 na mwaka 1970 akawa miongoni mwa waliofungua Anthology Film Archives, hifadhi ya filamu ya New York. Donald Richie, aliyekuwa akiandika kutoka Tokyo, alisimamia filamu kwenye Museum of Modern Art kwa miaka michache kuanzia 1969. Dave Kehr alianza Chicago Reader miaka ya 1970, akapita magazeti kadhaa makubwa, na mwaka 2013 akaingia makumbusho hayohayo. Kabla ya hapo alikuwa akiandika kwenye New York Times safu kuhusu filamu zinazotoka kwenye diski, nyingi zikiwa za zamani. Kwa maoni yangu alikuwa ameshaanza kazi ya pili kabla hajapewa ofisi, maana anayechunguza nakala ipi imefupishwa na ipi imepoteza rangi anauliza maswali ya mhifadhi.

Waliovuka kwa njia ya kinyume ni wachache, na Pauline Kael ndiye anayenijia kwanza. Kabla ya kuanza kuwa mhakiki wa jarida la New Yorker mwaka 1968, alikuwa amesimamia ukumbi mdogo wa sinema Berkeley miaka ya 1950, akichagua filamu na kuandika maelezo mafupi ya kuwapa watazamaji. Sauti yake ilikomaa kwenye vikaratasi hivyo. Bado nadhani kutoka uhakiki kwenda makumbusho ni rahisi kuliko kurudi, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: mhifadhi akishakaa miaka kumi, anadaiwa fadhila na kila msambazaji, kila mrithi wa mwongozaji na kila hifadhi iliyomkopesha nakala. Kalamu iliyofungwa na fadhila nyingi kiasi hicho huandika kwa kunong'ona.

Kisa cha Buenos Aires

Kuna kisa kinachoonyesha kazi hizi zinavyoshikana mikono, na nawasimulia wote wanaoniuliza. Metropolis ya Fritz Lang ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1927, kisha ikakatwa sana, na kwa miaka themanini sehemu zilizokatwa zilihesabiwa kuwa zimepotea. Lakini nakala ndefu ilikuwa imeshapelekwa Argentina na msambazaji wa huko. Mhakiki mmoja, Manuel Peña Rodríguez, aliipata na kuiweka kwenye mkusanyo wake binafsi. Miaka ya 1960 aliiuza kwa mfuko wa taifa wa sanaa, baadaye ikanakiliwa kwenye mkanda mdogo wa milimita 16, na mwaka 1992 ikaishia Museo del Cine, makumbusho ya filamu ya Buenos Aires. Ilikaa hapo ikiwa na jina lake, na hakuna aliyejua ilichobeba.

Fernando Martín Peña, mwanahistoria wa sinema aliyesimamia filamu kwenye makumbusho mengine ya jiji hilo, alikuwa amesikia kutoka kwa msimamizi wa klabu ya sinema kwamba onyesho fulani la filamu hiyo lilikwenda muda mrefu isivyo kawaida. Neno hilo moja halikumtoka. Mwaka 2008 Paula Félix-Didier alipochukua uongozi wa Museo del Cine, makopo yakafunguliwa, wakaitazama, na zikaonekana sehemu zilizokuwa hazijaonekana tangu siku za mwanzo, karibu dakika 25. Filamu iliyorejeshwa ilionyeshwa Berlin mwaka 2010.

Mhakiki aliiokoa kwa kuitaka iwe yake. Taasisi iliitunza bila kuielewa. Mtu mwenye sikio aliielewa kwa kukumbuka malalamiko ya urefu. Ukiitazama leo, sehemu zilizorudi utazitambua kwa mikwaruzo: nakala ya nitreti ilikuwa imechakaa, na ilipohamishiwa kwenye mkanda mdogo mikwaruzo yake ikanakiliwa pamoja na picha, na ukingo mmoja wa picha ukakatwa. Mhakiki ataandika kwamba mikwaruzo hiyo inagusa moyo. Mhifadhi ataisikitikia miaka ile, na kuuliza nani aliyeamua kuinakili hivyo na baadaye nitreti yenyewe ikaenda wapi. Jiulize swali lipi limekujia kwanza.

Riziki, jina na mlango wa kuingilia

Hapa sitakuficha: hakuna kazi ya kutajirisha kati ya hizi mbili.

Ajira za kudumu za uhakiki zimepungua sana tangu matangazo yahame magazetini kwenda intaneti. Wahakiki wengi ninaowajua wanalipwa kwa makala, na wanaishi kwa kuchanganya: kufundisha, kuhariri, kutafsiri maandishi ya chini ya skrini, kukaa kwenye jopo la tamasha. Upande mzuri ni kwamba hakuna anayeweza kukuzuia kuanza. Huhitaji cheti wala ruhusa. Unahitaji kusoma sana nje ya sinema, kwa sababu mhakiki anayejua filamu tu huishia kulinganisha filamu na filamu. Na jina lako linakaa juu ya kila unachoandika, likikujenga au kukubomoa.

Nafasi za makumbusho ni chache na wanaozishika hawaondoki upesi. Wengi huingia kwa mkataba wa mradi, miaka miwili ya kuorodhesha mkusanyo fulani kwa fedha za mfadhili, kisha mwingine kama Mungu akipenda. Ukishapata ajira ya kudumu, mshahara ni wa wastani lakini mwezi ukiisha unaingia. Siku hizi mafunzo yapo: shule ya L. Jeffrey Selznick huko Rochester tangu 1996, shahada za uzamili Amsterdam na New York University, na kozi fupi za FIAF. Utajifunza kemia ya mikanda, sheria ya hakimiliki na uorodheshaji, na utayatumia yote. Jina lako halitaonekana. Kwenye filamu iliyorejeshwa huandikwa jina la taasisi na la maabara. Mtu anayehitaji kutambuliwa, na hilo si dhambi hata kidogo, atateseka ghalani.

Wengine huniambia kwamba uhifadhi unakufa kwa kuwa kila kitu sasa ni kidijitali. Fanya hesabu. Picha moja ya mkanda ikigeuzwa kuwa faili kwa ubora wa 4K inachukua karibu megabaiti 50. Zidisha kwa picha 129,600, unapata zaidi ya terabaiti 6 kwa filamu moja ya dakika 90, nazo inabidi zihamishwe kwenye vifaa vipya kila baada ya miaka michache, kwa sababu diski hufa na programu huachwa. Mkanda wa poliesta uliowekwa kwenye baridi na ukavu unakaa tu. Filamu za miaka ishirini iliyopita zilizozaliwa zikiwa faili ndizo zinazoninyima usingizi zaidi ya zile za nitreti.

Kuvaa kofia zote mbili

Inawezekana, kwa masharti. Mimi bado naandika, lakini siandiki kuhusu mwongozaji yeyote ambaye taasisi yangu inazungumza naye kuhusu mikanda yake, na mhariri anajua hivyo kwa maandishi. Kanuni hiyo niliipata kwa uchungu. Niliwahi kuandika uhakiki mkali wa filamu mpya, na miezi miwili baadaye nikagundua kwamba makopo ya filamu za mwanzo za mwongozaji huyohuyo yamo kwenye chumba chenye joto, naye ndiye pekee anayeweza kuyatoa. Hakujibu barua zangu. Sijutii nilichoandika, lakini naifikiria mikanda ile.

Kwa kijana anayeanza, ushauri wangu una mwelekeo: anza kwa kuandika, hata kama lengo lako ni makumbusho. Miaka mitatu ya uhakiki itakufundisha kutazama na kueleza kwa nini, na ghalani utahitaji kueleza kwa nini kila siku, kwa mkurugenzi, kwa mfadhili, kwa mjane anayeshikilia makopo ya marehemu chini ya kitanda. Anayeanza ghalani bila kuandika hujua kila kitu kuhusu mkanda, na hushindwa kumfanya mtu mwingine aujali.

Kama bado umegawanyika, jaribu hivi. Mwezi wa kwanza tazama filamu kila baada ya siku mbili na uandike maneno 400 kabla hujalala, hata ile isiyokupa la kusema, hasa hiyo. Mwezi wa pili tafuta mkusanyo wowote mdogo wa kanda za video, wa familia, shule au chama, uuorodheshe kanda moja moja: aina, urefu, hali, nani anaonekana, nani mwenye haki nayo. Zile zisizo na lebo zitazame hadi mwisho. Usikatishe kwenye kanda ya kumi, kwa sababu kumi za kwanza zinamfurahisha kila mtu. Fika angalau ya arobaini.